Ruzuku, Kazi ya Chuoni au Mkopo: Kulinganisha Ofa za Msaada wa Masomo katika Vyuo vya Marekani

Ifikapo Machi na Aprili, wanafunzi wa darasa la kumi na mbili waliokubaliwa katika vyuo vya Marekani huanza kupokea barua za ofa ya msaada wa masomo. Katika familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, hasa zile za Kikongo na Kirundi zilizohamishiwa Marekani kutoka kambi kama Nyarugusu na Kakuma, mwanafunzi huyo mara nyingi ndiye wa kwanza katika ukoo kushika barua ya aina hiyo, na wazazi huutazama mstari mmoja tu, ule wa mwisho unaoonyesha jumla ya msaada. Mstari huo ndio unaopotosha zaidi. Unajumlisha fedha zisizorudishwa, mshahara wa kazi ambayo bado haijafanywa, na deni ambalo pengine mzazi mwenyewe ndiye atakayelilipa, kana kwamba zote ni kitu kimoja. Kwa hiyo ulinganisho wenye manufaa hauanzi kwa kuuliza ni chuo gani kimetoa msaada mkubwa zaidi. Unaanza kwa kuzitenganisha fedha hizo kulingana na nani atakayezibeba mwishowe.

Fedha zisizorudishwa

Msingi wa msaada kwa familia zenye kipato kidogo ni ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, ambayo ilianzishwa mwaka 1972 na baadaye ikapewa jina la seneta Claiborne Pell wa Rhode Island. Kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395. Hutolewa kwa mwanafunzi anayesomea shahada yake ya kwanza, kwa muda usiozidi sawa na mihula 12 ya masomo kamili katika maisha yake yote, na hukokotolewa kutokana na kipimo cha uwezo wa familia kuchangia masomo kiitwacho SAI, ambacho kwa familia zenye hali ngumu kabisa kinaweza kushuka hadi chini ya sifuri, yaani hasi 1,500. Kiasi hicho pia hufuata wingi wa masomo: anayesoma krediti (vipimo vya uzito wa masomo) 12 katika muhula hupata fungu lake lote, na anayesoma krediti 9 hupata asilimia 75 yake. Jambo hili husahauliwa na vijana wengi wanaopunguza masomo ili waongeze saa za kazi ghalani au katika kiwanda cha nyama, kisha wakashangaa kuona msaada wao umepungua.

Kwa kuwa Pell humfuata mwanafunzi kokote aendako, alimradi chuo kimo katika mpango wa serikali na masomo ni kamili, yenyewe haisaidii kuchagua kati ya chuo na chuo. Kinachotofautisha barua moja na nyingine ni ufadhili wa chuo chenyewe, na hapo ndipo msomaji anapaswa kukaa muda mrefu zaidi. Aulize kama ufadhili huo unatolewa kwa miaka yote minne au kwa mwaka wa kwanza pekee, kama unadai wastani fulani wa alama, na kama unabaki ulivyo hata ada ikipanda. Ufadhili unaodai wastani wa alama wa 3.0 kati ya 4.0 katika masomo ya uhandisi au uuguzi si sawa na ufadhili wa kiasi hicho hicho unaodai 2.0 tu, hasa kwa kijana aliyeanza kusoma kwa Kiingereza akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne.

Ruzuku za majimbo nazo zina mipaka yake. Kwa kawaida hutolewa kwa mkaazi wa jimbo anayesoma ndani ya jimbo hilo, hivyo mwanafunzi wa Texas anayetamani chuo cha Ohio aanze hesabu yake bila fedha hizo. Vilevile, mipango inayotangazwa kuwa ya ada bure isomwe kwa makini. Tennessee Promise, kwa mfano, hulipia ada ya chuo cha jamii (chuo cha umma cha miaka miwili) au cha ufundi inayobaki baada ya ruzuku nyingine kukatwa. Mwanafunzi mwenye Pell kamili, ambaye ada yake tayari imelipwa na Pell, huenda asipate hata dola moja ya ziada kutoka katika mpango huo, ilhali masharti yake, yakiwemo saa za kujitolea katika jamii, yanamhusu kama wengine.

Fedha zinazofanyiwa kazi

Mpango wa serikali wa kazi na masomo huonekana katika barua kama kiasi, tuseme dola 2,500, lakini fedha hizo hazipunguzi bili ya Agosti. Ni ruhusa ya kutafuta kazi, mara nyingi maktabani, maabarani au katika ofisi za chuo, na kulipwa mshahara kwa saa hadi kiasi hicho kiishe. Asiyepata kazi au asiyeenda kazini halipwi. Hata hivyo, nikilinganisha kazi hiyo na kazi ya usiku nje ya chuo, naipendelea ya chuoni bila kusita: msimamizi anajua kwamba mfanyakazi wake ana mitihani, hakuna gari la kununua ili kufika kazini, na mshahara huo haupunguzi msaada wa mwaka unaofuata.

Madeni, na tofauti kati ya deni na deni

Mikopo ya serikali kwa mwanafunzi ni ya aina mbili. Katika ile yenye nafuu ya riba, serikali hubeba riba kwa muda wote ambao mwanafunzi anasoma angalau nusu ya masomo kamili, pamoja na miezi sita baada ya kuacha au kumaliza. Katika ile isiyo na nafuu, riba huanza kuhesabiwa tangu siku fedha zinapotolewa. Riba yenyewe ni sawa kwa aina zote mbili kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwa mikopo iliyotolewa kati ya Julai 2025 na Juni 2026 ilikuwa asilimia 6.39, nayo hubaki hivyo hadi mkopo uishe. Dola 2,000 zisizo na nafuu huongeza takriban dola 128 za riba kila mwaka mwanafunzi akiwa bado darasani. Kwa hiyo anayelazimika kukopa amalize kwanza kiasi chote chenye nafuu kabla ya kugusa kile kingine, na akikubali kile kingine, akubali sehemu anayoihitaji tu.

Sheria imeweka ukomo wa mikopo hii. Mwanafunzi anayehesabiwa kuwa tegemezi kwa wazazi anaweza kukopa hadi dola 5,500 mwaka wa kwanza, ambapo zenye nafuu hazizidi 3,500. Kisha 6,500 mwaka wa pili, na 7,500 kwa kila mwaka baada ya hapo. Akikopa kiwango cha juu kwa miaka minne atakuwa na deni la dola 27,000 kabla ya riba. Ni deni zito, lakini kwa muuguzi, mhasibu au mwalimu aliyemaliza shahada ni deni linalobebeka, na kwa mikopo itolewayo kuanzia tarehe 1 Julai 2026 upo utaratibu mpya wa kulipa kati ya asilimia 1 na 10 ya kipato kwa mwaka.

Mkopo wa mzazi, unaoitwa Parent PLUS, ni jambo jingine kabisa, na ningependa kila mzazi alielewe kabla hajaweka sahihi yake. Riba yake katika kipindi hicho hicho ilikuwa asilimia 8.94, na zaidi ya asilimia 4 ya fedha hukatwa kama ada kabla hazijafika chuoni. Deni ni la mzazi peke yake. Mtoto akipata kazi nzuri anaweza kumsaidia, lakini kisheria hahusiki. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 wakopaji wapya wamewekewa ukomo wa dola 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa jumla kwa kila mtoto, na mikopo hiyo mipya haimo katika utaratibu wa kulipa kulingana na kipato. Mzazi mwenye umri wa miaka hamsini anayefanya usafi hotelini, na ambaye bado anatuma fedha kwa ndugu zake Uvira au Bujumbura, hana njia ya kulibeba deni hilo. Chuo kinachoiweka Parent PLUS katika orodha ya msaada, pembeni ya ruzuku, kinaonyesha pengo lililozibwa kwa karatasi.

Mikopo ya benki binafsi huja nyuma ya hiyo yote. Mara nyingi hudai mdhamini mwenye historia nzuri ya mikopo, na haina ulinzi wa ile ya serikali mkopaji anapopoteza kipato.

Kwa familia za Kiislamu zinazojiepusha na riba, uamuzi huwa na uzito wa pekee, na ni makosa kwa washauri wa shule kuuchukulia kama ukaidi. Nafuu ya riba wakati wa masomo haiufanyi mkopo kuwa usio na riba, kwa sababu riba huanza baada ya miezi sita ya kumaliza. Vyuo vingi hata hivyo vina mpango wa kulipa bili ya muhula kwa mafungu ya kila mwezi bila riba, kwa ada ndogo ya kujiandikisha. Kwa familia hizo, ofa bora ni ile ambayo pengo lake linaweza kumalizwa kwa mafungu hayo pamoja na mshahara wa mwanafunzi, hata kama chuo hicho hakikuwa cha kwanza katika matamanio yake.

Barua mbili zikiwekwa pamoja

Tuchukue mfano wa mwanafunzi mmoja mwenye Pell kamili aliyepata ofa mbili ndani ya jimbo lake. Viwango vya vyuo hapa ni vya kubuni, lakini muundo wa barua ni ule unaoonekana kila mwaka.

| | Chuo kikuu cha serikali ya jimbo | Chuo binafsi |
|---|---|---|
| Gharama yote ya mwaka | 28,000 | 52,000 |
| Pell | 7,395 | 7,395 |
| Ruzuku ya jimbo | 3,000 | 3,000 |
| Ufadhili wa chuo | 4,000 | 29,000 |
| Kazi ya chuoni | 2,500 | 2,500 |
| Mikopo ya mwanafunzi | 5,500 | 5,500 |
| Mkopo wa mzazi | 5,605 | hakuna |
| Pengo linaloandikwa katika barua | 0 | 4,605 |
| Gharama halisi baada ya fedha zisizorudishwa | 13,605 | 12,605 |

Barua ya kwanza inasema kwamba kila kitu kimelipwa. Ya pili inaonyesha pengo la dola 4,605, na katika nyumba nyingi hiyo ndiyo ingewekwa kando mara moja. Lakini ukiondoa katika gharama zile fedha tu ambazo hazirudishwi, chuo binafsi ni nafuu kwa dola elfu moja kila mwaka, na zaidi ya hapo hakimtwishi mzazi deni. Chuo cha serikali kimefikia sifuri kwa kumkopesha mzazi dola 5,605. Kwa miaka minne hizo ni dola 22,420 kabla ya riba.

Je, mwanafunzi huyu aende chuo binafsi? Ningesema ndiyo iwapo ufadhili wa 29,000 umeandikwa kuwa wa miaka minne na masharti yake ya alama yanafikika. Ukiwa wa mwaka mmoja, au ukiwa haupandi huku ada ikipanda, ule ushindi wa dola elfu moja unaweza kumezwa mwaka wa pili tu. Kuna pia namna ya kuipunguza gharama ya chuo cha serikali ambayo barua haiisemi: ikiwa kiko karibu na nyumbani, mwanafunzi akilala kwao anaweza kuondoa sehemu kubwa ya fedha za chakula na malazi, ambazo mara nyingi huzidi ada yenyewe. Aulize kwanza kama chuo kinawalazimisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kukaa bwenini, na kama ufadhili wake unabadilika kwa anayekaa nje.

Kuna njia ya tatu ambayo haimo katika jedwali, nayo ni chuo cha jamii cha miaka miwili. Ada ikiwa dola 4,600 na vitabu 1,400, Pell kamili hulipa vyote na kubakiza dola 1,395, ambazo mwanafunzi hurudishiwa mkononi kwa ajili ya usafiri. Kwa fedha pekee hakuna ofa inayoishinda hii. Hatari yake iko kwingine: krediti zisizohamishika. Anayetaka kuendelea hadi shahada aombe kwa maandishi makubaliano ya uhamisho kati ya chuo hicho na chuo kikuu anachokilenga, kwa fani ile ile, kabla hajachagua somo la kwanza, kwa sababu muhula uliopotea umeteketeza pia sehemu ya ile mihula 12 ya Pell. Bila makubaliano hayo, deni dogo lenye nafuu katika chuo ambako wanafunzi wengi humaliza kwa wakati laweza kuwa uamuzi bora kuliko miaka mitatu isiyo na deni wala cheti.

Maombi yenyewe

Msaada wote wa serikali kuu, na sehemu kubwa ya ule wa majimbo na vyuo, huombwa kwa fomu moja iitwayo FAFSA katika tovuti ya studentaid.gov. Ni bure. Kwa kawaida hufunguliwa tarehe 1 Oktoba kwa ajili ya mwaka wa masomo unaofuata, na hutumia taarifa za kodi za miaka miwili nyuma. Tarehe ya mwisho ya serikali kuu iko mbali sana, lakini isimdanganye mtu, kwa maana majimbo na vyuo hufunga mapema; California, kwa mfano, kwa kawaida huweka tarehe 2 Machi kwa ruzuku zake za chuo kikuu.

Mwenye haki ya kuomba ni raia, mkaazi wa kudumu mwenye grinikadi, akiwemo aliyeipata kwa bahati nasibu ya viza, na pia mkimbizi au mtu aliyekwisha kupewa hifadhi, hata kama grinikadi yake haijatoka. Anayesubiri uamuzi wa ombi la hifadhi bado hana haki hiyo, wala mwenye viza ya mwanafunzi. Hawa wategemee ufadhili wa vyuo na, katika baadhi ya majimbo, msaada wa jimbo. Hali ya uhamiaji ya mzazi haimnyimi mtoto msaada. Mzazi asiye na namba ya Social Security anaweza kufungua akaunti yake na kuweka sahihi.

Akaunti ni mbili: ya mwanafunzi na ya mzazi, kila moja ikiwa na barua pepe na simu ya mwenyewe. Msaidizi wa kanisani au jirani akizifungua kwa simu yake kwa nia njema, mwaka unaofuata familia hushindwa kuingia. Kila mtu aliyetajwa kuwa mchangiaji, yaani anayetakiwa kujaza sehemu yake ya fomu, lazima atoe idhini ya taarifa zake za kodi kutumika, hata kama hakuwasilisha hesabu za kodi. Bila idhini hiyo hakuna Pell wala mkopo wa serikali.

Swali gumu zaidi kwetu ni nani anayehesabiwa kuwa mzazi. Katika familia zetu mtoto hulelewa na shangazi, mjomba au kaka mkubwa, naye humwita mama au baba bila kufikiri mara mbili, lakini FAFSA humtambua mzazi wa kuzaa au wa kuasili kisheria tu, pamoja na mume au mke wake. Mlezi asiye na karatasi asiandikwe mahali pa mzazi, kwa kuwa kipato chake kitaingizwa isivyostahili. Mwanafunzi aliyefiwa na wazazi wote wawili, au aliyekuwa chini ya ulezi wa serikali, wakati wowote tangu alipofikisha miaka 13, huhesabiwa kuwa anajitegemea, na vivyo hivyo aliyewekwa na mahakama chini ya mlezi wa kisheria. Ambaye wazazi wake wako hai lakini wametenganishwa naye na vita, hawajulikani walipo, au hawafikiki, achague katika fomu kwamba ana hali isiyo ya kawaida. Hali ya ukimbizi ni miongoni mwa sababu zinazotambuliwa. Atapewa makadirio ya muda ya mtu anayejitegemea, kisha ofisi ya msaada ya chuo itaomba ushahidi, ambao unaweza kuwa barua ya mfanyakazi wa shirika lililowapokea, mshauri wa shule au kiongozi wa dini.

Ofisi hiyo hiyo ina mamlaka ya kurekebisha hesabu pale hali ya familia inapokuwa imebadilika tangu mwaka wa kodi uliotumika: kupoteza kazi, ugonjwa, kifo au talaka. Fomula haizihesabu fedha zinazotumwa kwa ndugu walio ng'ambo, na ofisi hailazimiki kuzizingatia, lakini barua fupi yenye stakabadhi, iliyoandikwa kwa heshima na kutaja kiasi kamili cha pengo, haina hasara yoyote. Vyuo vingi hutaka jibu la kukubali nafasi ifikapo tarehe 1 Mei, kwa hiyo barua hiyo ipelekwe mwanzoni mwa Aprili, ikiambatana na nakala ya ofa bora zaidi kutoka chuo kingine ikiwa ipo.

Hatimaye, kukubali nafasi chuoni si kukubali kila mstari wa ofa. Katika tovuti ya chuo kila aina ya msaada ina kitufe chake, na mwanafunzi anaweza kukubali ruzuku na kazi, akapunguza mkopo usio na nafuu hadi kiasi anachokihitaji, na kuukataa ule wa mzazi. Mzazi akiomba Parent PLUS na kunyimwa kwa sababu ya historia ya mikopo, mwanafunzi huruhusiwa kukopa hadi dola 4,000 zaidi zisizo na nafuu katika kila mmoja wa miaka miwili ya kwanza, kwa riba iliyo chini ya ile ambayo mzazi wake angetozwa.